Dalali wa Tumbo

Sina ugomvi na dalali. Mtu aliyekulia kandokando ya ziwa hili, kama mimi, hawezi kuwa na ugomvi naye. Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema, wakati magunia ya dagaa wa visiwani yanaposhushwa, utamkuta amesimama kati ya mwenye mzigo na mwenye fedha. Anajua nani ana nini na nani anatafuta nini, na ujuzi huo ni kazi halali. Lakini kila mmoja pale anajua pia jambo jingine juu yake: dalali anakula kwa mzigo kuuzwa. Usipouzwa, hali. Kwa hiyo hata akikuapia kwamba yuko upande wako, wewe uliyezoea soko unampa sikio moja, na macho yako yanabaki kwenye mizani.

Ugomvi wangu unaanza pale dalali anapotoka sokoni na kwenda kubisha hodi kwenye chumba cha uzazi.

Msomaji atakuwa amesikia habari hizi. Tangu alipozaliwa Louise Brown kule Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, imewezekana yai la mwanamke na mbegu ya mwanamume kuunganishwa nje ya mwili, katika maabara, kisha mimba ile changa kupandikizwa katika mfuko wa uzazi. Wataalamu hawakuchelewa kuona kwamba mfuko huo si lazima uwe wa mwenye yai. Mwanamke aliyeondolewa kizazi, au ambaye moyo wake hauwezi kustahimili ujauzito, aweza kubebewa na mwenzake. Magazeti humwita huyo mwenzake mama mbadala. Jina hilo silipendi. Kichefuchefu anachopata si cha mbadala, wala kisu cha daktari hakimkati mtu mwingine. Mimi nitamwita mbebaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi anayoifanya.

Nimelazimika kulifikiri jambo hili kwa sababu liliingia nyumbani kwangu. Mpwa wangu mmoja ni mjane mwenye watoto wawili, na anauza dagaa. Katika mwezi mmoja aliletewa maombi mawili. La kwanza lilikuja kwa simu, kutoka kwa wakala wa Nairobi ambaye alipata namba yake kwa shoga yake. Wakala aliahidi daktari, nyumba ya kukaa, mkataba uliopigwa chapa, na fedha ambayo kwa dagaa angeitafuta miaka mingi. La pili lilitoka kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anayeishi hapa hapa mjini. Huyu kizazi chake kilitolewa, na hana mtoto. Hakutaja kiasi cha fedha. Alisema tu, "Wewe ni ndugu yangu, hatutashindwana."

Mpwa wangu akaja kuniuliza. "Mjomba, nishike lipi? Wakala ana karatasi, wifi ana undugu."

Swali hilo linaulizwa na wanawake wengi duniani leo, na wapo waandishi wengi wa kulijibu: wakala ana faida hizi, mapatano ya binafsi yana faida zile, jipime uchague. Mimi nasema kabla ya kupima hayo, mbebaji hana budi kuuliza jambo moja. Mambo yakiharibika, nani hapa ni wangu, na mtu huyo analipwa na nani? Mpango wowote usio na jibu la swali hilo ni mtego, uwe umepigwa chapa Nairobi au umezungumzwa jikoni kwa wifi.

Wapo wazee wenzangu watakaonikatisha hapa hapa. Watasema haya ni mambo ya Wazungu, na kwetu mtu hazai kwa ajili ya mwingine. Hao nawaomba wapande basi. Njia ile ile ambayo wakala alimtaka mpwa wangu aifuate, ya Magu, Lamadi, Bunda na kuendelea hadi mpakani Sirari, inapita katikati ya Tarime. Huko kwa Wakurya ipo nyumba ntobhu, na ilikuwapo kabla maabara hazijafikiriwa. Mwanamke mtu mzima aliyekosa mtoto, au aliyekosa mtoto wa kiume, na mwenye ng'ombe, hutoa mahari akamuoa mwanamke kijana. Yule kijana huzaa na mwanamume, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama. Huyo mwanamume hana dai juu yao. Tusidanganyane basi kwamba ukanda wetu haujui habari ya tumbo moja kuzalia nyumba nyingine.

Tena nyumba ntobhu ina mambo mawili ambayo wakala wa Nairobi hana. Kwanza, ni jambo la hadharani: ng'ombe wanatembea barabarani mchana, ukoo unawahesabu, majirani ni mashahidi. Pili, aliyezaa hafukuzwi. Anakaa na watoto wake, analima shamba lile, anazeeka pale. Lakini sitaki kuwa miongoni mwa wanaoisifu desturi kwa kuwa tu ni ya kale. Msichana mara nyingi haendi kwa hiari. Huenda kwa sababu baba yake anawataka ng'ombe. Pengine hata mwanamume wa kuzaa naye huchaguliwa. Na yule mama akifa, ndugu wa marehemu mumewe huja kudai ardhi, na mjane huyu wa ajabu hana pa kusimama, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Desturi ilimpa mashahidi, lakini mashahidi hao ni wa nyumba iliyomuoa, na ndiyo wanayoisemea. Yeye mwenyewe hana wa kumsemea. Shina la tatizo ni lile lile ninalolifuata.

Sasa tumtazame wakala. Hoja zake nazijua, maana mpwa wangu alinisomea ujumbe wake wote. Anasema ana madaktari, ana wanasheria, na humchunguza kila mtu kabla ya kuanza. Anasema hutaonana uso kwa uso na wenye mtoto, kwa hiyo hakuna aibu wala ugomvi wa kifamilia. Kwa mtu aliyechoka hiyo ni lugha tamu. Hebu tuipime kwa shauri ambalo ukweli wake umeandikwa na mahakama.

Mwaka 1985, katika jimbo la New Jersey, Marekani, mwanamke aitwaye Mary Beth Whitehead aliweka sahihi mkataba wa kumzalia mtoto Bwana William Stern, kwa yai lake mwenyewe. Mpango ulifanywa kupitia kituo cha uwakala cha New York. Mbebaji angelipwa dola 10,000 baada ya kumkabidhi mtoto. Kituo chenyewe kililipwa dola 7,500 kwa mkataba mwingine, wa pembeni. Mtoto alizaliwa Machi 1986, mama akashindwa kumwachia, na kesi ya "Baby M" ikaijaza dunia. Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hilo ilitoa hukumu Februari 1988. Mkataba uliamuliwa kuwa batili, mtoto akabaki kwa baba, na mama akatambuliwa kuwa mama mwenye haki ya kumtembelea.

Watu wengi wanakumbuka mvutano wa kumgombea mtoto. Mimi nataka msomaji atazame mambo matatu madogo yaliyomo katika hukumu ile. La kwanza, kile kituo kilimpeleka yule mama kwa mwanasaikolojia, na mwanasaikolojia akaona dalili kwamba huenda angepata shida kumtoa mtoto. Onyo hilo halikufuatiliwa, wala akina Stern hawakuambiwa. Majaji walieleza sababu bila kuficha: kuchunguza zaidi kungehatarisha ada. La pili, ushauri wa kisheria alioupata mbebaji ulitoka kwa wakili aliyeelekezwa na kituo hicho hicho, aliyekuwa na mapatano nacho ya kuwashauri wanawake kama yeye. Walikaa saa moja tu, tena juu ya mkataba aliofanya hapo awali na familia nyingine. La tatu, mimba ikiharibika kabla ya mwezi wa tano, mkataba haukumpa hata senti moja. Ikiharibika baada ya hapo, au mtoto akizaliwa maiti, angepata dola 1,000 badala ya 10,000.

Soma tena hilo la tatu taratibu. Miezi minne ya ujauzito, bei yake ni sifuri. Miezi tisa na uchungu wa kuzaa, ikiwa mtoto hakulia, ni sehemu ya kumi. Hapo utaona dhahiri kilichokuwa kinanunuliwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga, lakini katika karatasi ile uchungu haukuwa na safu ya kuandikiwa.

Mtu aweza kusema hayo ni ya zamani, mawakala wa leo wamestaarabika. Je, wamestaarabika au wamehama tu? India ilikuwa soko kubwa la biashara hii kwa miaka mingi. Mji wa Anand, Gujarat, ulijulikana kwa mabweni ambamo wabebaji walikaa hadi kujifungua. India ilipowafungia wageni mwaka 2015, na hatimaye sheria ya mwaka 2021 ikapiga marufuku malipo ya kibiashara, wateja hawakukosa pa kwenda. Thailand nayo ilifunga mlango mwaka 2015, biashara ikahamia Kambodia, na Kambodia ikafunga mwaka uliofuata. Sisi wa ziwani tunaujua mwendo huo. Mwenye nyavu haramu haachi uvuvi kwa sababu doria imefika kisiwani. Hupakia nyavu usiku akatafuta kisiwa ambacho doria haijafika. Kambi mojawapo ya mawakala hawa sasa iko Nairobi. Na Mei 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, dunia ilionyeshwa makumi ya vichanga wakiwa wamepangwa katika vitanda vidogo ndani ya hoteli moja ya Kyiv, Ukraine, wakisubiri wateja kutoka nchi za nje. Mkataba wa kila mmoja wao ulikuwa umepigwa chapa vizuri kabisa.

Kwa hiyo mpwa wangu akimbilie kwa wifi? Hapa pia nitawaudhi baadhi ya watu.

Mapatano ya ndugu yaweza kuwa jambo jema sana. Oktoba 1987, kule Johannesburg, Afrika Kusini, mama mmoja mwenye umri wa miaka 48, Pat Anthony, alijifungua watoto watatu kwa mpigo aliowabeba kwa ajili ya binti yake, Karen Ferreira-Jorge, aliyekuwa amepoteza kizazi. Hakuna dalali aliyehitajika kati ya mama na binti. Alipohitajiwa damu, usiku au mchana, kila mtu alijua nani wa kuitwa. Undugu wa namna hiyo hauuzwi dukani.

Lakini undugu huo huo ni kamba. Wakala unaweza kumkatia simu. Wifi utamkatiaje? Mpwa wangu analima shamba la marehemu mumewe kwa ridhaa ya ukoo huo huo. Karo ya mtoto wake wa kwanza iliwahi kulipwa na wifi huyo huyo. Akiambiwa "hatutashindwana", ana nafasi gani ya kushindwana? Neno "ndugu" linapotamkwa na mwenye nacho mbele ya asiye nacho, mara nyingi maana yake ni "usiniulize". Mwaloni biashara ya namna hiyo tunaiita mali kauli: chukua mzigo, fedha tutazungumza baadaye. Kwa gunia la dagaa, ukidhulumiwa unapoteza gunia. Kwa mimba, ukidhulumiwa unapoteza nini? Wenzetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwili wa mwanamke ni zaidi ya mali.

Nawe usidhani ni hatari ya kubuni. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 nchini mwetu. Hayo ni maendeleo makubwa ukilinganisha na 556 vya utafiti wa mwaka 2015 na 2016, lakini hiyo 104 si tarakimu ya kuchezea. Na pale daktari anapopandikiza mimba mbili ili walau moja ishike, hatari inaongezeka. Mbebaji akifa, au akitoka hospitali na jeraha lisilopona, watoto wake aliowaacha nyumbani ni wa nani? Katika mazungumzo ya jikoni swali hilo halikuulizwa, kwa sababu lingeonekana kama uchuro.

Hata palipo na amani kamili, ukimya una hatari yake. Mahakama Kuu ya Kenya ilisikiliza shauri mwaka 2014 la watoto pacha waliozaliwa Nairobi na mbebaji. Mbebaji na waliobebewa hawakuwa na ugomvi wowote, na waliingia mahakamani wakiwa upande mmoja. Lakini hospitali haikujua imwandike nani kuwa mama, ikawaita maafisa wa watoto, na vichanga vikachukuliwa vikapelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto. Mahakama iliona kwamba utu wa watu hawa ulikuwa umekiukwa. Jambo la kutafakari ni kwamba watu wazima watatu waliokubaliana kwa moyo mmoja walishindwa kuwalinda watoto wawili, kwa sababu makubaliano yao yalikaa mahali ambapo sheria haikuona.

Na sheria yetu je? Tanzania hatuna sheria mahsusi ya jambo hili. Tuliyo nayo inatoka pande tofauti. Tangazo la uzazi hospitalini huandikwa jina la aliyejifungua. Ili mtoto ahame kisheria kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine, njia inayojulikana ni kuasili, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Huko mahakama hutaka kuridhika kwamba hakuna aliyelipwa au kuahidiwa malipo, isipokuwa yale ambayo mahakama yenyewe imeyaruhusu. Nayo Sheria ya Mikataba inasema makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma ni batili. Sasa wewe unayejivunia karatasi ya wakala, ni hakimu gani atakayeitumia kukudai haki yako? Karatasi ile inakufunga wewe kwa woga tu, maana hujui kwamba huenda haina nguvu. Wakala anajua.

Kuna mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye nilimsomea haya akanijibu kwa ukali. Nitaeleza hoja yake kwa haki, kwa sababu ni nzito. Alisema, "Mzee, daktari analipwa, wakili analipwa, wakala analipwa, hata mpishi wa hospitali analipwa. Mnapofika kwa huyu mwanamke maskini, peke yake katika nyumba nzima, ndipo mnakumbuka kwamba mtoto hauzwi, afanye kwa upendo. Huo ni wema gani?" Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na pensheni yangu, ingawa ni ndogo, hunifikia kila mwezi.

Jibu langu ni hili. Alipwe. Lakini itazamwe analipwa kwa nini na lini. Mimi niliajiriwa kufundisha tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Butimba, nikawa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na sikuwahi kulipwa kwa kila mtoto aliyefaulu. Nililipwa kwa mwezi wa kazi. Darasa likifeli lote, aibu ilikuwa yangu, lakini mshahara wa mwezi ule haukurudishwa serikalini. Kama ningelipwa kwa kichwa cha aliyefaulu, ningekuwa mfanyabiashara wa watoto, na pengine mwizi wa mitihani. Vivyo hivyo kwa mbebaji. Malipo yanayosubiri mtoto akabidhiwe ni bei ya mtoto, hata ukiyaita kwa jina gani. Malipo yanayokwenda na miezi, yasiyositishwa mimba ikiharibika wala mtoto akizaliwa maiti, na yanayoendelea hadi mwili upone, hayo ni fidia ya mwili na ya siku za kazi zilizopotea. Kipimo hiki mwanamke yeyote aweza kukitumia bila kuwa mwanasheria. Muulize wakala: mimba ikitoka mwezi wa tatu, mnanipa nini? Akianza kuzungukazunguka, umepata jibu lako.

Na nchi zilizofikiri vizuri zilimgusa nani kwanza? Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1985, ilikataza kufanya biashara ya kuunganisha watu. Kosa ni la dalali. Mbebaji na wanaotaka mtoto hawakufanywa wahalifu. Afrika Kusini, katika Sheria ya Watoto Na. 38 ya mwaka 2005, ilitaka makubaliano yaandikwe na yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijapandikizwa. Mbebaji awe tayari na mtoto wake aliye hai. Asilipwe bei, lakini gharama, kipato alichopoteza na bima viwe juu ya waliobebewa. Uamuzi wa kuitoa mimba ile, kama sheria inaruhusu, ukabaki wake. Jirani zetu nao wameamka. Novemba 2025 Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha na kupeleka Seneti muswada wa Millie Odhiambo, unaokataza ubebaji wa kibiashara na kuweka usimamizi. Mama huyo ni mbunge wa Suba Kaskazini, jimbo la Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano, watu wanaoteka maji katika ziwa letu hili. Kama wao wameweza kulizungumza bungeni bila kuona haya, sisi tunangoja nini? Kenya ikifunga mlango na sisi tukiwa tumelala, yule mwenye nyavu atapakia usiku, na kisiwa kitakachofuata ni hiki chetu.

Mpwa wangu nilimwambia hivi. Kwa wakala usiende. Utavuka mpaka, utakaa nyumba ya mtu, na kila atakayekuhudumia, kuanzia dereva hadi wakili, atakuwa amelipwa na asiye wewe, na atalipwa tu ikiwa utakabidhi. Kwa wifi unaweza kwenda, lakini si kwa mali kauli. Mtafute wakili unayemchagua wewe. Ada yake wao wailipe yote kabla ya kuanza, isiweze kurudishwa, ili asiwe na sababu ya kuwaogopa. Yaandikwe malipo ya kila mwezi. Iandikwe matibabu yako hata baada ya mtoto kuondoka, na nani atawalea wanao ukifa. Iandikwe kwamba mwamuzi wa mwili wako ni wewe na daktari wako. Wakili aulize mahakamani na kwa ustawi wa jamii, kabla ya sindano ya kwanza, mtoto atahamishwaje. Na shamba lako na karo ya mtoto visitajwe kabisa katika mazungumzo hayo. Akikubali hayo yote, huyo ni ndugu kweli. Akikataa, umeokoka.

Alipeleka masharti hayo. Shemeji wa nyumba ile alikasirika, akasema tumewafanya wezi. Wifi mwenyewe alilia, na machozi yake siyadharau, kwa maana tumbo tupu ni msiba usio na matanga. Mpaka ninapoandika haya hawajajibu. Mpwa wangu anaendelea na dagaa zake, na fedha ya wakala hakuiona. Hiyo ni gharama halisi, na ni yeye anayeilipa, si mimi. Ndiyo maana sitaki mtu aniambie kwamba ushauri mzuri unatosha.

Ushauri wa mjomba hauwezi kuwa sheria ya nchi. Mwanamke wa Sengerema au Ukerewe asiye na mjomba wa kusoma hukumu za New Jersey ana haki ya ulinzi ule ule. Wabunge wetu wa kanda hii, ambao hujaza kurasa za taarifa rasmi kwa habari za sangara, nyavu na pamba, waliongeze hili. Wamkataze dalali na wamwache mama. Waweke mahakama mbele ya mimba badala ya nyuma yake, na kila mbebaji awe na wakili asiyemwogopa mtu mwingine ila yeye. Nasi wazee tuache kusema ni mambo ya aibu. Kwa miaka mingi tumekaa vikao vya mahari tukahesabu ng'ombe kwa sauti kubwa. Kama tuliweza kuhesabu kile kilichoingia zizini kwa sababu ya tumbo la binti, hatushindwi kukaa tena na kuuliza ni nani anamlinda mwenye tumbo.